Moyo hautoi nguvu bure

Mwaka jana niliwapanga wanafunzi wangu wa kidato cha pili wawili wawili. Mmoja amshike mwenzake kifundo cha mkono, ahesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika wakiwa wametulia, kisha ahesabu tena wakati mwenzake anatoa saba saba kichwani kuanzia 500: 493, 486, 479, bila kalamu wala daftari. Wengi mapigo yao yalipanda. Wawili yalishuka. Ya binti mmoja wa dawati la nyuma hayakusogea kabisa. Alifika 479 akanyamaza.

“Huyu hajaribu, mwalimu,” mwenzake akasema mbele ya darasa zima. Nami nilikuwa nikiamini hivyo hivyo tangu Januari.

Tangu siku ile nimesoma sana kuhusu wanasayansi wanaopima juhudi za akili kwa kuutazama moyo, na neno mvivu limeanza kunikwama kooni. Nataka niseme kwa nini.

Mwaka 1989 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jack Brehm na Elizabeth Self, walitoa hoja ambayo mama yeyote anayepanga bajeti ya nyumba angeielewa mara moja. Mwili hautapanyi nguvu. Kazi ikiwa rahisi, mtu hutoa kidogo. Ikiwa ngumu, hutoa zaidi, ilimradi aone kwamba inawezekana na kwamba ina faida inayolingana na jasho lake. Akishaona haiwezekani, au haina faida hiyo, nguvu hazipungui taratibu. Zinakatika. Mwenzao Rex Wright akaiunganisha hoja hiyo na kazi ya mwanasaikolojia Paul Obrist, aliyekwisha kuonyesha kwamba moyo husukumwa kwa nguvu hasa pale mtu anapokuwa na jambo la kufanya ili abadilishe matokeo. Kwa hiyo juhudi, kitu tulichozoea kukikisia kwa kumtazama mtu usoni, ikapata kipimo kifuani.

Lakini si kipimo nilichotumia mimi darasani. Mapigo ya moyo yanapotosha. Moyo una neva za aina mbili: zinazokanyaga mafuta na zinazokanyaga breki. Mapigo yakipanda, huwezi kujua kama dereva ameongeza mafuta au ameachia breki tu. Tena aliyekimbia kutoka bwenini, aliyekunywa chai ya rangi nzito, aliyeshikwa mkono na mtu anayemwonea haya, wote mapigo yao hubadilika. (Tabibu wa kale Ibn Sina alilijua hilo la mwisho karne nyingi zilizopita: alieleza namna ya kumtambua anayependwa na mgonjwa kwa kutaja majina huku tabibu ameshika mshipa.)

Maabara hutafuta kitu kidogo zaidi. Kabla damu haijatoka moyoni, umeme huanza kuenea kwenye chumba kikubwa cha kushoto, misuli inajikaza, shinikizo linapanda, kisha vali ya mshipa mkuu inafunguka. Safari hiyo huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Neva za mafuta zikiuhimiza moyo, misuli hujikaza kwa nguvu zaidi na safari inafupika kwa milisekunde chache tu. Ili kuzinasa, watafiti hubandika vipokezi vya umeme kifuani na shingoni. Vingine husikiliza umeme wa moyo wenyewe, vingine hupitisha mkondo mdogo usiosikika mwilini. Damu hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo inaporuka kuingia kwenye mshipa mkuu, ukinzani wa kifua hubadilika na chombo huona. Njia hiyo ilikuzwa Minnesota, Marekani, katika miaka ya 1960 ili kufuatilia mioyo ya wanaanga. Hunigusa sana kwamba leo inatumika kwa mtu aliyeketi mezani akikariri herufi.

Maana ndicho walichofanya Michael Richter, Guido Gendolla na wenzao huko Geneva. Waliwapa watu kazi ya kukumbuka herufi kwa viwango vinne: nyepesi, ya wastani, ngumu, na isiyowezekana. Katika viwango vitatu vya kwanza moyo ulijikaza zaidi kadiri kazi ilivyozidi ugumu. Kwenye isiyowezekana, ukatulia.

Ukatulia. Mtu amekaa kwenye kiti kilekile, macho yake yapo kwenye kioo kilekile cha kompyuta, lakini moyo umeshafunga duka. Kama ningekuwa msimamizi wa chumba kile bila vipimo, ningemwandika mzembe.

Jambo lililonishika zaidi ni la wale wenye uwezo mdogo, au waliochoka, au wenye huzuni. Kerstin Brinkmann na Gendolla waliwapima wanafunzi wa chuo wenye dalili nyingi za sonona. Nilitarajia moyo wao uwe mzito katika kila kazi. Haikuwa hivyo. Kwenye kazi rahisi mwitikio wao ulikuwa mkubwa kuliko wa wenzao, kwa sababu hata kilicho rahisi kwao kilikuwa mlima. Kwenye kazi ngumu ukawa mdogo, kwa sababu walikwisha kuona hakuna njia. Wright alikuwa ameeleza jambo la namna hiyohiyo kwa watu waliochoka.

Sasa lirudishe darasani. Mtoto aliyesoma hisabati kwa Kiswahili miaka saba anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila swali limeandikwa kwa Kiingereza. Swali tunaloliita jepesi linamtoa jasho kabla hajaigusa namba. Swali la wastani kwake limeshavuka mpaka. Sisi tunaona kimya na tunakemea, au tunaahidi zawadi. Ila zawadi haina kazi pale mtu anapoona hawezi. Ukiongeza ujira wa kubeba gunia lisilobebeka, gunia halipungui uzito.

Napinga pia wanaotaka kugeuza elimu hii kuwa kamera ya kuwapeleleza wafanyakazi, eti saa ya mkononi imwambie bosi nani anajituma. Matokeo niliyoyataja ni wastani wa makundi ya watu waliopimwa kwa uangalifu chumbani. Kumhukumu mtu mmoja kwa mapigo ya mkononi ni dhuluma, na mimi nilikwisha kuifanya kwa binti mmoja mbele ya wenzake thelathini na tisa.

Nilimwita baada ya wiki. Nikamwomba atoe mbili mbili kuanzia 50, kwa Kiswahili. Akafika sifuri bila kusita. Tukaenda tatu tatu kuanzia 60, kisha nne nne kuanzia 100. Kwenye saba aliniomba kalamu, akatoa kwa kwenda kumi nyuma na kurudisha tatu, njia ambayo sikuwa nimemfundisha. Sikumshika mkono kuhesabu chochote. Alikuwa ameuma mdomo wa chini na ameinama mezani, na kengele ya chakula ilipogongwa alikuwa kwenye 318.