Jando la Masasi, Kirore cha Kikuyu

Mjadala kuhusu wamisionari Afrika Mashariki huendeshwa kama kesi yenye mshtakiwa mmoja. Mashtaka ni ardhi iliyochukuliwa, ngoma zilizokatazwa, wazee waliodharauliwa. Utetezi ni shule, hospitali, na hifadhi waliyoipata watu waliotoka utumwani. Ushahidi upo pande zote mbili, na sina haja ya kuurudia. Linaloniudhi ni jinsi Mwafrika aliyebatizwa asivyopewa nafasi ya kusema. Kwa hawa ni mtu aliyerubuniwa, kwa wale ni mtu aliyesaidiwa, na kote huko yeye ni wa kutendewa tu. Matukio mawili ya zama zilezile, moja Kenya na moja Tanganyika, yanaonyesha tunachokosa tukiendelea kutazama hivyo.

Mwaka 1929 Misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, chini ya Dk. John Arthur, iliwataka waumini wake waape kwamba wameachana na tohara ya wasichana, na pia na chama cha Kikuyu Central Association kilichokuwa kikiitetea. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Waliokubali wakaitwa kirore, kwa alama hiyo ya dole gumba, waliokataa wakajiita karing'a, yaani walio halisi. Mwalimu aliyekataa alifukuzwa kazi, na watoto wa waliokataa wakakosa shule. Wimbo wa Muthirigu ukazagaa vijijini, ukiwasema wamisionari na machifu waziwazi, hadi serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930.

Tumtendee haki Arthur. Alikuwa daktari, na hospitali za misheni ziliwapokea wanawake waliokwama kujifungua kwa sababu ya makovu. Kuhusu madhara alisema kweli, na Kenya huru yenyewe ilipitisha sheria dhidi ya ukeketaji mwaka 2011. Wala si kweli kwamba kila kirore aliogopa kupoteza mshahara. Wapo wazee wa kanisa wa Kikuyu walioamini jambo hilo kwa dhati, wakatukanwa na majirani zao, na hawakurudi nyuma. Nao pia wamesahaulika.

Lakini tazama walichofanya karing'a, maana hapo ndipo hoja ya "walirubuniwa" na hoja ya "walirudi upagani" zinapoanguka kwa pamoja. Walitoka misheni na Biblia zao mkononi. Agano Jipya la Kikikuyu lilikuwa limechapishwa mwaka 1926, na watu waliokuwa wakilisoma wenyewe waliuliza ni aya gani inayokataza tohara hiyo. Hawakuonyeshwa. Wakachanga, wakajenga shule zao wenyewe, zilizokuja kuwa chini ya vyama viwili: Kikuyu Independent Schools Association na Kikuyu Karing'a. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri.

Kisha likaja suala gumu kuliko shule. Nani atawabatiza watoto? Nani atawapa komunio? Mtu anayetaka kuuacha Ukristo hasumbuliwi na maswali hayo. Hawa yaliwasumbua kiasi cha kumwita Daniel William Alexander, askofu mkuu wa Kanisa la Orthodox la Waafrika, kutoka Afrika Kusini. Alifika mwaka 1935, akawafundisha vijana na kuwapa upadri, akaondoka mwaka 1937. Sehemu ya waumini hao ikatafuta zaidi, hadi ikaungana na Upatriaki wa Alexandria, Misri. Makanisa ya Orthodox yaliyopo leo nchini Kenya yana mzizi wake mkubwa hapo. Watu walionyimwa nafasi mezani kwa wamisionari waliizunguka Scotland na London wakaenda kutafuta uhalali wa kikanisa Misri. Kisha, mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ikaanza kuzifunga shule zao. Naona katika habari hii imani iliyo hai kuliko ile iliyopimwa kwa dole gumba.

Masasi, kusini mwa Tanganyika, mambo yalikwenda kivingine. Vincent Lucas, Mwingereza wa misheni ya Kianglikana ya Universities' Mission to Central Africa, alikuwa askofu wa huko kuanzia 1926 hadi 1944, na amesifiwa sana kwa kulibariki jando. Badala ya kuwatenga wazazi Wakristo waliopeleka wana wao kumbini, kanisa liliweka kumbi lake. Wavulana waliingia porini kwa msimu ule ule, wakakaa vibandani, wakatahiriwa, wakafundwa adabu na wajibu wa mwanamume, wakarudi kwa shangwe na nguo mpya. Sala za kanisa zilishika mahali pa maombi kwa mizimu, na padri akawa pale ambapo zamani palikuwa na chifu.

Sifa hizo zote amepewa Lucas. Mimi nawauliza wanaomsifu: Mwingereza alijuaje kipi katika jando ni kiini na kipi kinaweza kuondolewa? Mapadri wa Kiafrika, mtu kama Kolumba Msigala aliyeacha kumbukumbu alizoandika mwenyewe, walikuwa wana wa jamii za huko. Wao ndio walioweza kusema kwamba ukigusa hiki wazazi watakukimbia, na kile watakivumilia. Walikuwa na uzito wa kusikilizwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliwakamata wamisionari wa Kiingereza na kuwaweka kizuizini, na makanisa ya kusini yakabaki mikononi mwa mapadri na walimu wa Kiafrika, ambao baadhi yao waliteswa vilevile. Amani iliporudi, Wazungu walilikuta kanisa limesimama. Huwezi kumfanya mtoto mtu aliyelibeba kanisa lako bila wewe kuwepo. Tofauti ya Masasi na Kikuyu naiona zaidi hapo kuliko katika upole wa askofu mmoja.

Wapo watakaosema ulinganisho huu si wa haki, na wana hoja. Tohara ya wavulana haikuwa na ubaya machoni pa kanisa, na unyago wa Wayao na Wamakua haukuwa wa kukeketa. Lucas hakukutana na mtihani wa Arthur. Tena jando la kanisa lilikuwa na gharama yake: vijana wa kijiji kimoja waliokuwa wakiingia kumbini pamoja sasa walitengana kwa dini, na chifu akapoteza jambo kubwa lililompa heshima. Hasara hiyo haikuwa ndogo. Hata hivyo naiona nafuu kuliko mwalimu kufukuzwa na mtoto kukosa shule.

Mapungufu makubwa zaidi yako kwa wasichana. Masasi walijaribu kuufanyia unyago walichokifanyia jando, na haukushika vile. Mambo ya unyago yalikuwa ya makungwi, na makungwi hawakuwa na sababu ya kuyafunua mbele ya padri, awe Mwingereza au Myao. Kikuyu nako, kiapo kiliandaliwa na wanaume na upinzani ukaongozwa na wanaume. Nami niliyesifu mapadri wa Kiafrika lazima nikubali kwamba kuwa mwenyeji peke yake hakukutosha. Mwaka 1956 baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, likisukumwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wazee wale walikuwa Wameru, na kwa afya za wasichana marufuku ile ilikuwa sahihi. Maelfu ya wasichana waliikaidi, wakakeketana wenyewe kwa wembe, na wengi wakashtakiwa pamoja na wazazi wao, kwa sababu safari hii pia hakuna aliyekuwa amekaa na mama zao na nyanya zao kabla ya kuamua.