Ringo Starr baada ya Beatles: alibebwa, au alijua kukaa na wenzake?

Kundi la Beatles lilipotangazwa kuvunjika mwezi wa Aprili 1970, watatu kati ya wanne wao hawakutiliwa shaka sana. John Lennon na Paul McCartney ndio waliotunga sehemu kubwa ya nyimbo zilizolipa kundi lile jina, na George Harrison alikuwa na akiba ya nyimbo ambazo hazikuwa zimepata nafasi. Aliyeulizwa atakula wapi ni mpiga dramu, Ringo Starr, kijana wa Liverpool aliyezaliwa 1940 kwa jina la Richard Starkey, ambaye tangu alipoingia kundini Agosti 1962 alikuwa ametoa nyimbo mbili tu zilizoandikwa kwa jina lake peke yake.

Tangu hapo kazi yake ya pekee yake imehukumiwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaosema alibebwa na marafiki, na mbeleko ilipofunguliwa akaanguka. Wapo wanaosema alifanikiwa kuliko alivyotarajiwa, na kwamba dharau iliyomwandama ni ile inayomwandama kila anayekaa nyuma ya jukwaa. Binafsi naona wa kwanza wana ushahidi mzuri lakini wanausoma vibaya.

Ushahidi wenyewe haukanushiki. Albamu yake ya 1973 iliyobeba jina lake, Ringo, inafunguliwa na wimbo uliotungwa na Lennon, ambaye pia anapiga piano humo huku Harrison akipiga gitaa. McCartney naye alileta wimbo wake. “Photograph”, kibao kilichofika namba moja Marekani mwaka huohuo, alikitunga pamoja na Harrison. Hata “It Don't Come Easy” wa 1971, uliosajiliwa kwa jina la Ringo peke yake, ulitayarishwa studio na Harrison, na Ringo mwenyewe amekiri hadharani kwamba rafiki yake alishiriki kuutunga. Ongeza hapo sauti yake, ambayo ina joto na inaaminika lakini haipandi mbali wala haishuki mbali, na utaelewa kwa nini wengi hawakumpa sifa yoyote.

Hata hivyo, mwenye kubebwa naye hana budi kujishika. Kati ya 1971 na 1975 Ringo aliingiza vibao saba mfululizo katika kumi bora za Marekani, na viwili kati yake vilifika namba moja kabla Lennon hajapata hata kimoja kwa jina lake mwenyewe. Kama msaada wa marafiki ungetosha, albamu ya 1976, Ringo's Rotogravure, ingefanya vivyo hivyo, kwa sababu Lennon, McCartney na Harrison wote waliipa nyimbo. Haikufanya hivyo, na jambo hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba kilichobeba albamu ya 1973 hakikuwa majina makubwa tu.

Mwaka uliofuata ndio unaowapa wakosoaji nguvu kubwa zaidi, na sioni sababu ya kuuficha. Albamu ya Ringo the 4th ilikimbilia mdundo wa disko uliotamba wakati ule, nyimbo nyingi akatunga na mwenzake Vini Poncia, na kwenye dramu akawepo pia Steve Gadd, fundi wa studio wa kiwango cha juu kabisa. Albamu iliishia namba 162 Marekani. Kufikia 1983 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba albamu yake, Old Wave, haikutolewa Uingereza wala Marekani. Wengi huisimulia miaka hiyo kama hadithi ya mtu aliyeishiwa na wafadhili. Mimi nasikia mpiga dramu aliyegeuzwa mwimbaji, tena mwimbaji wa mtindo usio wake.

Hapa ndipo inapofaa kusikiliza mikono yake. Ringo ni mashoto, lakini anakalia seti iliyopangwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia. Penye mwanya kati ya mistari ya wimbo, wapigaji wengi huanza kwa mkono wa kulia kwenye ngoma ya mbele ya magoti, wakazunguka hadi ngoma kubwa iliyosimama upande wao wa kulia. Ringo akianza kwa mkono wa kushoto, njia hiyo humgonganisha mikono, hivyo hulazimika kuigeuza safari. Matokeo yake ni mapigo yanayosita kidogo, kama mgeni anayetulia mlangoni kabla ya kupiga hodi, kisha yanatua mahali pake barabara. Msikilize katika albamu ya Lennon ya 1970, John Lennon/Plastic Ono Band, ambamo nyimbo nyingi zina ala chache sana: hakuna pa kujificha, naye hapigi pigo lisilohitajika. Agosti 1, 1971, katika tamasha la kuichangia Bangladesh jijini New York, alisahau baadhi ya maneno ya wimbo wake mwenyewe, akayamumunya, lakini mdundo haukuyumba.

Kwa sababu hiyo naamini kazi yake halisi baada ya Beatles ilianza 1989, mwaka mmoja baada ya yeye na mkewe, Barbara Bach, kupata matibabu ya ulevi. Aliunda All-Starr Band, bendi ya wanamuziki mashuhuri, akiwa na Joe Walsh, Levon Helm, Billy Preston, Dr. John na wengine, wengi wao wakiimba nyimbo zilizowapa jina. Ringo huimba mbele nyimbo kadhaa, kisha hurudi kwenye dramu kuwapigia wenzake. Wakosoaji husema huo ni muziki wa kumbukumbu, na kwamba watazamaji hulipia vibao vya zamani huku nyimbo mpya zikikosa nafasi. Ni kweli. Lakini kiongozi wa bendi anayetumia sehemu ya onyesho lake kupigia nyimbo za wengine si jambo la kawaida, na linahitaji unyenyekevu ambao majina makubwa mengi hayana.

Mwaka 2015 aliingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani, kwa jina lake, wa mwisho kati ya wanne, kwa tuzo ya umahiri wa kimuziki. Wapo walioona amepitishwa mlango wa uani. Naona ndiyo tuzo iliyomfaa hasa.

Januari 2025, akiwa na miaka 84, alitoa Look Up, albamu ya muziki wa kantri ambayo nyimbo zake nyingi ni za mtunzi wa Marekani T Bone Burnett, kama vile za albamu yake ya 1970, Beaucoups of Blues, zilivyokuwa za watunzi wa Nashville, mji wa Marekani unaosifika kwa kantri. Anayeuona huo kuwa upungufu atauona tena. Mimi nasikiliza nyuma ya sauti, pale mkono wa kushoto unapoanza.