Utalii wa Oman: tuhesabu vitanda au maji?

Oman imeamua kwamba utalii uwe miongoni mwa nguzo za kuibeba nchi siku mafuta yatakapopungua. Dira yake ya 2040 inalisema hilo waziwazi, na hoja yenyewe inaeleweka: vijana wanataka kazi, na nchi ina vitu ambavyo majirani zake, pamoja na fedha zao zote, hawawezi kuvijenga kwa miaka kumi. Kuna ngome ya Bahla, makaburi ya mawe ya Bat yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, bandari za kale za ubani huko Dhofar, na magofu ya Qalhat, mji alioutembelea msafiri Ibn Battuta. Kuna pia milima inayopita mita 3,000 na mchanga wa jangwa la Rub al-Khali usio na mwisho wa kuonekana.

Kwamba wageni waje, wengi wamekubaliana. Kinachobishaniwa ni wafike hadi wapi, na nani awe na sauti ya kusema basi. Wanaotaka milango ifunguliwe zaidi wanasema nyumba isiyokaliwa huanguka, na kijiji kisicho na kipato huhamwa. Wanaosita wanasema mgeni wa jangwani haji na macho tu; huja na kiu, huoga, na hoteli yake ina bwawa la kuogelea. Wote wana ukweli mkononi, lakini ukweli huo haulingani uzito kila mahali.

Tuanze na maji. Mwaka 2006 UNESCO iliorodhesha mifumo mitano ya falaj kuwa urithi wa dunia, kati ya takriban 3,000 inayofanya kazi nchini humo hadi leo. Falaj ni mfereji unaotoa maji chini ya mlima au kwenye chemchemi na kuyateremsha mpaka shambani kwa mteremko peke yake, bila pampu. Mmoja wapo, Falaj al-Khatmeen, uko Birkat al-Mouz, chini ya mlima Jabal Akhdar. Ukisimama pale unaona mfereji wa kina kifupi, maji safi ya kasi, kisha mkondo unagawanyika mara tatu sawa kwa sawa. Mtalii hupiga picha na kuondoka. Asichokiona ni daftari la haki lililo nyuma ya mgawanyiko huo. Maji hugawanywa kwa muda, na kipimo chake, athar, ni kama nusu saa. Zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa mchana na kwa nyota usiku, na mahali pengine wazee bado wanakijua kivuli hicho. Fungu la maji hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, hata huwekwa wakfu kwa msikiti au kwa matengenezo ya falaj yenyewe. Msimamizi mkuu huitwa wakil. Maji yanapoingia kijijini, kwanza ni ya kunywa, kisha ya msikiti na ya kuoga, na mwisho ya mashamba. Ukame ukizidi, mazao ya msimu ndiyo yanayonyimwa, mitende inanusurika.

Kwa hiyo huu ni urithi wenye wenyewe, na wenyewe wanajuana kwa majina. Sijaona ulinzi bora kuliko huo.

Nenda Misfat al-Abriyeen, karibu na al-Hamra, uone hoja za pande zote mbili kwenye kichochoro kimoja. Nyumba za mawe na udongo zimekaa juu ya mwamba, chini yake ni matuta ya mitende na migomba, na mfereji unapita kando ya ngazi ambazo watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana ukutani. Familia nyingi zilikuwa zimehamia nyumba mpya. Kisha baadhi ya wenyeji wakakarabati nyumba za babu zao wakazifanya za kulala wageni. Fedha zikabaki kijijini, paa zikaezekwa upya, na kijana aliyekuwa akiwaza Muscat akapata sababu ya kukaa. Hiyo ni faida kubwa, na anayeibeza hajawahi kuona kijiji kikifa. Lakini kichochoro hicho hicho ndicho njia ya mama anayekwenda kuosha vyombo, na wageni wanapita na kamera tangu asubuhi. Vibao vinawaomba wafunike mabega na magoti. Kibao kinapohitajika, ujue ustaarabu wa kawaida umeshazidiwa.

Hata hivyo Misfat ina nafuu moja: mwenye nyumba ya wageni ndiye mwenye fungu la maji. Akiyamaliza, mitende inayokauka ni yake. Juu zaidi, kwenye uwanda wa Sayq wa Jabal Akhdar, mita 2,000 hivi juu ya bahari, hoteli za kifahari zimejengwa ukingoni mwa genge, na kila moja ina bwawa lake. Watetezi wake wana hoja: wageni wachache wanaolipa sana ni bora kuliko mabasi ya wageni wengi wanaolipa kidogo. Mimi nakubali nusu. Uchache wa vichwa si uchache wa matumizi. Mgeni mmoja wa chumba ghali anaweza kutumia maji kuliko familia nzima ya mkulima wa mawaridi iliyo chini yake. Barabara ya kupanda huko ina kizuizi cha polisi, na gari lisilo la 4x4 hurudishwa. Serikali inaweza kuweka masharti ikitaka, basi. Tena watu wanatii na wanaendelea kuja.

Kuhusu ngome nitakuwa mfupi, kwa kuwa ubishi wake ni wa macho zaidi kuliko wa maisha. Bahla, ngome ya Banu Nabhan iliyojengwa kwa matofali mabichi, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikatolewa humo 2004, na ikafunguliwa kwa wageni 2012. Wapo wanaolalamika kwamba ngome za Oman zimekandikwa mpaka zinang'aa kama za jana. Ngome ya Nizwa nayo, yenye mnara wa Imamu Sultan bin Saif aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, ni nadhifu kupita kiasi. Lakini ndani yake bado utakuta chumba chenye sakafu ya mifereji, ambapo magunia ya tende yalirundikwa ili asali yake ichuruzike, na matundu juu ya milango ya kummwagia adui asali hiyo ikiwa inachemka. Plasta mpya haijaificha akili hiyo. Na sisi wa pwani tusiwacheke: Beit al-Ajaib ya Unguja iliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020, ikiwa katikati ya ukarabati uliogharimiwa na Oman hiyo hiyo. Udongo hausubiri mjadala wa wataalamu.

Kinachonisumbua zaidi ni Tanuf, kilomita chache kutoka Nizwa. Kijiji hiki kilipigwa mabomu na ndege za Uingereza katika vita vya Jabal Akhdar vya miaka ya 1950, na kuta zake zimeachwa zilivyobaki. Leo wengi wanalijua jina hilo kwa chupa za maji ya kunywa. Nchi inayokarabati ngome za ushindi ingeweza kusimulia kwa ukamilifu na jeraha hili pia.

Tukio linalopaswa kukumbukwa katika kila kikao cha utalii Oman liko mbali na milima, kwenye jangwa la Jiddat al-Harasis. Choroa mweupe (swala mkubwa wa jangwani) wa mwisho porini aliuawa huko mwaka 1972. Mwaka 1982 choroa waliozalishwa kwenye bustani za wanyama wakarudishwa, na watu wa kabila la Harasis wakaajiriwa kuwalinda. Mwaka 1994 hifadhi ikawa urithi wa dunia, na kufikia 1996 walikuwa 450. Kisha majangili wakaanza kuwakamata wakiwa hai ili wauzwe, idadi ikashuka hadi 65, na serikali ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 huku ikitaka kutafuta mafuta humo. Mwaka 2007 UNESCO ikaifuta hifadhi hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia, ya kwanza kabisa kufutwa.

Upo upande unaosema: kama watalii wangekuwa wengi, mafuta yasingeshinda. Huenda. Lakini mimi naona pengo kwingine. Harasis walikuwa na mishahara ya ulinzi, ila hawakuwa na fungu katika ardhi hiyo wanaloweza kulikatalia. Uamuzi ulipofanyika, ulifanyika juu ya vichwa vyao. Linganisha na falaj, ambako hata tajiri hawezi kuchukua nusu saa ya maji isiyo yake bila mtaa mzima kujua.

Najua jibu litakalokuja: wenyeji nao si malaika. Ni kweli. Pampu za dizeli zilipoingia, wakulima wenyewe walichimba visima vilivyoshusha maji ya ardhini na kukausha falaj za jirani, mpaka serikali ikazuia uchimbaji karibu na visima mama, yaani vile falaj zinakoanzia. Fungu bila sheria halitoshi, kama ambavyo sheria bila wenye fungu haikumtosha choroa.

Ndiyo maana napendekeza jambo moja dogo, gumu. Hoteli yoyote inayotaka kujengwa kwenye bonde lenye falaj ipeleke hesabu yake ya maji, lita kwa mgeni kwa siku, kwa wakil na wenye mafungu, na sahihi yao iwe sharti la kibali. Wawekezaji watasema hilo linachelewesha mambo, na watakuwa sahihi. Asiyeweza kusubiri ana pwani ya Muscat, ambako maji husafishwa kutoka baharini na ufuko haujajaa.