Afrika Kusini: vita vya kifungu cha 13 na makabati ya Pretoria

Tarehe 21 Mei 2021 serikali ya Afrika Kusini ilitoa rasimu ya kurekebisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha, namba 60 ya mwaka 2000. Wananchi walipewa hadi 4 Julai kutoa maoni, kisha muda ukasogezwa hadi 2 Agosti. Yalifika maoni zaidi ya 100,000, na wenye silaha ndio waliokuja juu kuliko wote. Rasimu ilikuwa na mambo mengi, lakini lililowachoma ni moja: kujilinda kusiwe tena sababu ya kupewa leseni.

Ili kuelewa hasira hiyo, tazama njia ambayo mwenye leseni alikuwa ameshapita. Kwanza awe ametimiza miaka 21. Asome sheria na matumizi salama kwenye chuo kilichoidhinishwa, afanye mtihani wa karatasi na wa kulenga shabaha, kisha apeleke fomu SAPS 517 (SAPS ni polisi wa nchi hiyo) kituoni kuomba cheti cha umahiri. Akikipata, anajaza SAPS 271 kuomba leseni ya silaha yenyewe. Ofisa silaha wa kituo anakagua sefu nyumbani, nayo lazima ifikie kiwango cha taifa na ifungwe imara ukutani au sakafuni. Kifungu cha 13 kinamruhusu silaha moja tu ya kujilinda, bastola au bunduki ya marisau, kwa miaka 5, na ni lazima aeleze kwa nini haja yake ya ulinzi haiwezi kutimizwa kwa njia nyingine. Aliyevuka ngazi zote hizo ndiye aliyeambiwa kwamba sababu yake haitambuliki tena.

Kisheria rasimu haikufuta haki ya kujitetea. Anayevamiwa angebaki na haki ya kumzuia mvamizi kwa nguvu zinazolingana na hatari, na Katiba ya nchi hiyo haina kifungu cha haki ya kumiliki silaha. Wenye silaha nao hawakukosa jibu: haki ya kujitetea bila chombo cha kujitetea ni maneno matupu, hasa kwa anayeishi shambani ambako gari la polisi linafika mhalifu akiwa ameshaondoka. Takwimu za polisi za mwaka wa fedha 2020/21, mwaka wa vizuizi vya korona, zinaonyesha mauaji karibu 20,000. Watu wa nchi hiyo hawahitaji kusimuliwa hofu.

Kulikuwa pia na suala la tabaka, na hapa naona wapinzani wa rasimu waligusa penyewe. Kampuni za ulinzi zina walinzi zaidi ya 500,000 walio kazini, wengi kuliko polisi wote, na leseni zao za biashara hazikuwa zinafutwa. Mwenye fedha za kulipia walinzi wenye silaha angeendelea kulindwa kwa bunduki. Muuza duka wa kitongojini asiye na uwezo huo ndiye angenyang'anywa bastola yake moja.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko kelele zilivyoacha isikike. Silaha halali hazikai halali milele. Raia huripoti maelfu ya silaha zilizoibwa au kupotea kila mwaka. Polisi huripoti mamia. Gun Free South Africa, kundi linalopinga silaha, lilitumia sana ulinganisho huo, ingawa haki ni kugawa kila hesabu kwa idadi ya silaha zilizopo, na raia wanazo nyingi zaidi. Kilichonigusa mimi ni takwimu za nyumbani. Tafiti za Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo, zilizolinganisha mwaka 1999 na 2009, kabla na baada ya sheria hiyo, zilikuta mauaji ya wanawake kwa risasi yamepungua sana. Hapo mara nyingi haihusiki bunduki ya jambazi. Ni bastola ya kabatini, ugomvi, pombe, na mume anayejua ufunguo uko wapi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014 ukaangalia miji mitano kati ya 2001 na 2005, ukakadiria kuwa sheria ya 2000 iliokoa maisha zaidi ya 4,500. Sefu na mtihani havikuwa urembo.

Basi kwa nini baadaye vifo vya risasi vilipanda tena, na sheria ni ileile? Pande zote mbili hapa zinataja jina moja: Christiaan Prinsloo. Huyu alikuwa kanali wa polisi aliyehusika na silaha zilizosalimishwa ili ziharibiwe. Badala ya kuyeyushwa, karibu 2,000 ziliuzwa na kuishia kwa magenge ya Cape Flats, vitongoji vya Cape Town. Mwaka 2016 alihukumiwa miaka 18. Wanaotaka masharti makali wanasema: mnaona, sheria ilifanya kazi mpaka usimamizi ulipooza. Wenye silaha wanasema: mnaona, tatizo ni polisi, si sisi. Ushahidi ni uleule, na unaelekeza kwenye mlango mmoja, Sajili Kuu ya Silaha huko Pretoria na maghala ya vituo. Mwaka huohuo wa rasimu, bunduki 158 zilikutwa zimetoweka kwenye ghala la kituo cha Norwood, Johannesburg.

Kwa kipimo hicho, vifungu vidogo vya rasimu ndivyo vilivyostahili mjadala, na vikapita kimyakimya. Leseni za uwindaji na michezo zinazodumu miaka 10 zilikusudiwa kufupishwa. Kufupisha muda kwa nusu ni kuongeza maombi mara mbili kwenye sajili ambayo tayari ilikuwa inazama kwenye karatasi. Upimaji wa lazima wa alama za risasi nao una mantiki: pini ya kufyatulia huacha alama kwenye ganda, na mifuo ya mtutu hukwaruza kichwa cha risasi, kwa hiyo silaha iliyoibwa inaweza kutambulika baadaye. Lakini alama hubadilika kadiri silaha inavyotumika, na mtutu ukibadilishwa rekodi ya zamani inapungua thamani. Halafu nani angepima karibu silaha milioni 3? Maabara za polisi wakati huo zilikuwa zimerundikiwa sampuli za DNA zaidi ya laki moja.

Kikomo cha risasi kilitakiwa kushuka kutoka 200 hadi 100 kwa kila silaha. Risasi zinazonunuliwa na kupigwa palepale kwenye uwanja ulioidhinishwa hazihesabiwi, kwa hiyo madai kuwa mazoezi yangekufa yalitiwa chumvi. Kujaza maganda upya nyumbani kungepigwa marufuku, na hapo wawindaji walikuwa na haki ya kulalamika: wengi hufanya hivyo kwa sababu ya gharama, na kwa sababu bunduki nyingi za zamani hazina risasi zinazopatikana madukani. Sioni jambazi aliyekuwa akisumbuliwa na kifungu hicho.

Kabla dirisha la maoni halijafungwa, Julai ikafika. Ghasia za KwaZulu-Natal na Gauteng ziliua watu zaidi ya 350, polisi wakazidiwa, na wakazi wakasimamisha vizuizi mitaani mwao wakiwa na silaha. Kwa wenye leseni hiyo ilikuwa hoja iliyojiandika yenyewe. Ila Phoenix, kitongoji cha Durban, zilipotea roho 36, baadhi wakiwa wapita njia waliosimamishwa kwenye vizuizi hivyo. Yeyote anayetaja Julai bila kutaja Phoenix anachagua. Na katika siku hizohizo, risasi zaidi ya milioni moja ziliibwa kutoka kwenye makontena Durban, huku Pretoria ikijadili kama mwindaji abaki na 100 au 200.

Rasimu ilikwama kabla ya kupigiwa kura bungeni. Sheria ya zamani ikabaki, pamoja na mtego wake: ombi la kuhuisha leseni, fomu SAPS 518(a), linatakiwa siku 90 kabla ya leseni kuisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliona utaratibu huo unakiuka Katiba. Tarehe 7 Juni 2018 Mahakama ya Katiba ikasema hapana, leseni ikiisha imeisha, na silaha inarudishwa. Laki kadhaa za wamiliki wakajikuta wanashikilia silaha bila leseni. Serikali ikafungua msamaha mara mbili, Desemba 2019 hadi Mei 2020, kisha Agosti 2020 hadi Januari 2021, watu wapeleke silaha vituoni na kuomba upya. Wengine walisita foleni ilipofika kwenye kaunta, kwa sababu walikuwa wanaambiwa waiache bastola kwenye ghala la kituo.