Chloe hakuwahi kuwepo, lakini mzuka wake unauza tiketi

Karibu na mji mdogo wa St. Francisville, Louisiana, kuna nyumba iitwayo Myrtles ambayo Wamarekani wengi wanaapa kwamba imejaa mizuka. Aliijenga David Bradford mwaka 1796, mwanasheria aliyekimbia Pennsylvania baada ya wakulima kuasi kodi ya wiski na serikali kuanza kumsaka. Siku hizi ni nyumba ya wageni. Unalipa, unalala, na ukitaka unazungushwa vyumbani na mtu wa kukusimulia.

Nyota wa masimulizi ni Chloe. Inasemekana alikuwa mjakazi wa Clark Woodruff, mkwe wa Bradford. Bwana akamfanya suria, kisha akamfuma akitega sikio mlangoni, akaamuru sikio lenyewe likatwe. Tangu siku hiyo Chloe akawa anajifunga kilemba cha kijani kuficha kovu. Kwa hofu ya kutupwa shambani, akachemsha majani ya oleanda, mmea wenye sumu, akatia maji yake kwenye keki ili watoto waugue kidogo, yeye awauguze, apendwe tena. Kipimo kikamponyoka. Mama na mabinti wawili wakafa, na watumwa wenzake wakamnyonga Chloe na kumtupa mto Mississippi.

Tamu, sivyo? Ila waliopekua kumbukumbu za ukoo ule hawakumkuta Chloe yeyote. Sara, mke wa Woodruff, alikufa mwaka 1823 kwa homa ya manjano. Watoto waliokufa walikuwa wa kike mmoja na wa kiume mmoja, tena mwaka uliofuata. Aliyeuawa pale kweli ni William Winter, aliyepigwa risasi barazani mwaka 1871, na hata yeye kaongezewa chumvi: ati alijikokota mpaka kidato cha 17 cha ngazi, akakata roho hapo.

Siwabezi wanaoamini. Nimekulia mahali ambapo usiku hupigi mluzi, na ukisikia jina lako gizani huitiki. Lakini kwetu mzimu una ukoo. Ukisumbua, wazee wanakaa kuulizana: ni nani huyu, anadai nini, nani kasahau tambiko lake? Chloe hana wa kumuulizia. Na hebu itazame hadithi yenyewe ilivyopangwa: muuaji ni mtumwa, na walionyonga ni watumwa pia. Woodruff, aliyekata sikio la mtu, anabaki mjane wa kuhurumiwa. Hilo ndilo linalonikera, kuliko uongo wenyewe.

Kama ni kutetemeka, nenda mtaa wa Royal, New Orleans. Tarehe 10 Aprili 1834 moto uliwaka nyumbani kwa Delphine LaLaurie, mwanamke tajiri aliyekuwa akialika wakubwa wa mji. Mpishi wake, mama mzee, inaelezwa alikutwa amefungwa mnyororo kwenye jiko, na kwamba moto aliuwasha mwenyewe: heri afe kuliko kupelekwa chumba cha juu. Watu wakavunja milango, wakatoa watumwa saba waliokondeana, wenye vidonda na vyuma shingoni. Gazeti la mji liliandika kesho yake. Umati ukaibomoa nyumba ile kwa hasira, lakini bibie alikwisha panda gari la farasi, akaishia Ufaransa, na hakuna mahakama iliyomgusa.

Ungedhani hayo yanatosha kumkosesha mtu usingizi. Hapana. Zaidi ya miaka 100 baadaye zikazuka hadithi za watu waliochunwa na kukatwakatwa, na ndizo wageni wanazotaka kusikia hadi leo.

Nirudi kwa Chloe kidogo. Ipo picha iliyopigwa Myrtles mwaka 1992, yenye kivuli kati ya majengo mawili. Wanasema ndiye yeye, na wameitengenezea kadi ya posta. Nimeikuza kwenye simu yangu mpaka ikabaki madoa matupu. Kilemba sikukiona.