Msimu mpya unakuja tukiwa tumeshasahau wa zamani

Kinachonikera zaidi katika tamthilia za siku hizi ni muda tunaosubirishwa kati ya msimu mmoja na mwingine. Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini, ilianza kuonyeshwa Septemba 2021, ikatuacha na maswali tele, na msimu wa pili ukaja Desemba 2024 ukiwa na sehemu 7 tu, ilhali ule wa kwanza ulikuwa na 9. Mgomo wa waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani wa mwaka 2023, uliodumu siku 148, ulikuwa wa haki kabisa, lakini hauwezi kutumika kueleza kuchelewa kwa tamthilia ya Korea Kusini.

Juzi nilianza kutazama msimu mpya wa tamthilia nyingine niliyoipenda sana, na dakika ya tatu nikalazimika kusimamisha picha, kwa sababu sikukumbuka kama mwanamke aliyesimama mlangoni, akilia, alikuwa dada wa mhusika mkuu au ndiye aliyemsaliti. Muhtasari wa mwanzoni, uliopita mbio, haukunisaidia lolote. Nilirudia sehemu mbili za zamani kabla ya kuelewa chozi lile, na usiku ukawa umekwisha.