Acheni gogo lioze: kwa wanaosema msitu wa Białowieża ni mchafu

"Mbao zote hizi zinaozea bure." Kila picha ya msitu wa Białowieża, ulio mashariki mwa Poland, inapozunguka kwenye makundi ya mtandaoni ya ndugu zetu walioko Ujerumani na Poland, maneno hayo hayakosekani. Safari hii ilikuwa picha ya mwaloni ulioanguka, shina limefunikwa kuvumwani, mizizi imesimama wima kama ukuta wa nyumba. Chini yake watu wakamiminika: msitu hautunzwi, wahifadhi wamelala, kwetu hilo gogo lingeshakuwa milango na vitanda. Mmoja aliyewahi kwenda asubuhi na kurudi Warszawa jioni akawashauri wenzake wasipoteze nauli, maana ni pori tu lenye miti iliyoanguka.

Ndugu zangu, hiyo miti iliyoanguka ndiyo ya kutazama. Ukiiondoa, huna tena sababu ya kuvuka nusu ya Poland kwenda kwenye kijiji kilicho ukingoni mwa Belarus.

Misitu mingi unayoipita kwa treni kati ya Berlin na Warszawa ni mashamba. Miti imepandwa kwa mstari, rika moja, aina moja au mbili, na siku yake ya kukatwa inajulikana tangu ikiwa miche. Mti mkavu huondolewa mapema, ndiyo maana chini huwa pasafi. Kwa hekta moja ya msitu wa namna hiyo unapata mita chache tu za ujazo za miti iliyokufa. Katika eneo la ulinzi mkali la Białowieża, mahali ambapo shoka halijaruhusiwa tangu 1921, kiasi hicho kinapita mita za ujazo 100 kwa hekta, na sehemu nyingine zaidi ya hapo. Wafalme wa Poland na baadaye matsari wa Urusi waliulinda msitu huu kwa ajili ya uwindaji wao, kwa hiyo ulipofika karne ya 20 bado ulikuwa na kitu ambacho nyanda za chini za Ulaya zilikuwa zimekipoteza karibu kote: mti unaozaliwa, unazeeka, unakufa umesimama, unaanguka, na unabaki palepale.

Fuatilia mti mmoja. Mwaloni ukifa hauanguki siku hiyo. Unaweza kusimama miaka mingi, matawi yakidondoka moja moja. Kuvu huingia kwenye jeraha na kulainisha moyo wa shina. Kigong'ota hupata mbao laini, huchimba shimo lake, huzaa, huhama; shimo hilo hupangishwa na bundi, popo, nyuki. Gome likianza kuachia, chini yake huingia mbawakawa mwekundu, bapa kama karatasi, aitwaye kitaalamu Cucujus cinnaberinus. Yeye haishi popote pengine ila kwenye nafasi hiyo nyembamba kati ya gome na mbao, kwa miaka michache tu gome likiwa katika hali hiyo. Likikauka kupita kiasi au kudondoka, lazima apate mti mwingine karibu. Hapo ndipo penye siri yote: haitoshi kuacha gogo moja la maonyesho. Inahitajika miti iliyokufa ya umri tofauti, unene tofauti, mingine imesimama, mingine imelala, mingine juani, mingine kwenye maji, mwaka baada ya mwaka bila kukatika. Mnyororo huo ukikatika kwa miaka 30, mdudu hana pa kurudi, na ukianza kulinda baadaye unalinda nyumba isiyo na watu.

UNESCO inataja wanyama wasio na uti wa mgongo zaidi ya 12,000 katika msitu huu, pamoja na ndege zaidi ya 250 na mamalia 59. Hao 12,000 hawaishi kwenye majani mabichi peke yake. Wanaishi ndani ya hicho mnachokiita uchafu.

Sasa kuna hoja ambayo watu huileta kwa kujiamini: miti ikiachwa, wadudu wataenea na kuumaliza msitu. Hoja hiyo si ngeni, na mwaka 2016 iliumiza msitu huu kweli. Yuko mbawakawa wa magome, Ips typographus, anayeshambulia mti wa jamii ya msonobari ambao Wapoland huuita świerk. Dume hutoboa gome na kutoa harufu ya kuwaita wenzake. Majike hutaga mayai, na mabuu hula ule utando laini unaopitisha chakula cha mti. Mti wenye maji ya kutosha hujitetea kwa utomvu, humzamisha mdudu kwenye tundu lake. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha. Miaka ya ukame na joto ikifuatana, mashambulizi hulipuka, na ndivyo ilivyokuwa Białowieża kuanzia karibu 2012.

Machi 2016 waziri wa mazingira aliidhinisha mpango wa kukata uongezwe katika wilaya moja ya misitu hapo, kutoka mita za ujazo karibu 63,000 hadi 188,000 kwa kipindi kinachoishia 2021. Zikaingia mashine kubwa za kuvuna miti, zile zinazoshika shina, kulikata na kulipukuchua matawi kwa dakika moja. Watu walijifunga kwenye mashine kuzizuia. Julai 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamuru ukataji usimame. Kazi ilipoendelea, Novemba ikatishia faini ya yuro zisizopungua 100,000 kwa siku. Tarehe 17 Aprili 2018 ikahukumu kwamba Poland imevunja sheria.

Kosa lilikuwa wapi hasa? Mti wa świerk unapoonekana umekufa, sindano zimedondoka na gome linabanduka, mbawakawa wameshaondoka. Kuukata wakati huo ni sawa na kuvunja nyumba ambayo mwizi ameitoka jana. Kibaya zaidi, mle ndani wamebaki maadui zake: nyigu wadogo wanaotaga juu ya mabuu, na mabuu ya mbawakawa wengine wawindaji. Kigong'ota mwenye vidole vitatu hutegemea miti hiyohiyo inayokufa. Humo ndimo anamomla adui mnayemwogopa. Ukiubeba mti unabeba jeshi lako mwenyewe kwenye lori. Na pale świerk inapokufa, mwanga hufika chini, na miti ya majani mapana kama grabu, mtilia na mwaloni hupanda. Msitu unabadilisha watu wake, haufi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba katika shamba la miti ya biashara mtunza misitu anayeutoa mti ulioshambuliwa mapema, mbawakawa wakiwa bado ndani, anafanya kazi yake sawasawa. Nakubali pia kwamba mti mkavu juu ya barabara ni hatari, na inafaa ulazwe chini; ulazwe, ubaki hapo. Na watu wa Hajnówka, mji wa jirani, wanahitaji kuni na ajira kama watu wengine, na ni haki waulizwe. Lakini hifadhi ya taifa upande wa Poland ni kilomita za mraba 105 tu, karibu sehemu moja ya sita ya msitu wa upande huo. Kuni zina mahali pengi pa kutoka.

Haya, kwa anayetaka kwenda na kuona. Usiende kwa siku moja. Kutoka Warszawa ni karibu kilomita 240. Panda treni hadi Hajnówka au pitia Białystok, halafu basi, maana Hajnówka hadi kijiji cha Białowieża ni karibu kilomita 20. Lala kijijini usiku mbili. Eneo la ulinzi mkali haliingiliki bila mwongozaji mwenye leseni, na mwongozaji hapatikani getini ukifika. Weka nafasi siku kadhaa kabla, na mwombe muanze alfajiri. Watu wengi hukosea hapa: hufika saa tano asubuhi, hukuta nafasi zimejaa, huishia kwenye zizi la maonyesho ya wanyama, hupiga picha ya baisani (ng'ombe mwitu wa Ulaya) nyuma ya uzio, kisha hurudi kutuambia hakuna kitu. Matembezi ya kawaida huchukua saa tatu hadi nne kwa miguu, tambarare tupu, yakipitia bustani ya jumba la tsari (jumba lenyewe liliungua 1944) hadi kwenye mwaloni wa Jagiełło. Mwaloni huo uliangushwa na dhoruba mwaka 1974 na umelala hapohapo hadi leo. Umepewa jina la mfalme aliyewinda humu kabla ya vita vya Grunwald vya 1410, ingawa umri wake ulikadiriwa miaka 450 hivi, kwa hiyo hakuuona.

Msimu mzuri ni mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, kabla majani hayajafunga anga. Chini huwa peupe kwa maua ya anemone. Juni na Julai mbu ni wengi. Malaria hakuna, ila kupe wapo tangu majira ya kuchipua hadi vuli, na wana ugonjwa wa Lyme na virusi vya homa ya ubongo. Chanjo ya hivyo virusi ipo, ya dozi tatu, na mbili za kwanza huachana mwezi mmoja hadi mitatu, basi usiifikirie wiki ya safari. Lyme haina chanjo ya kukutegemeza, kwa hiyo chomeka suruali ndani ya soksi, vaa rangi nyeupe ili umwone, jikague jioni nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima taratibu. Usimpake mafuta wala usimchome moto. Hutapika ndani yako.

Baisani wa porini wanaonekana kwa urahisi zaidi wakati wa baridi, wanapokusanyika kwenye nyasi kavu wanazowekewa. Wa mwisho aliyekuwa huru hapa aliuawa 1919. Walirudishwa kutoka kwenye mabustani ya wanyama kuanzia 1929, wakaachiwa porini tena 1952, na baisani wote wa Ulaya waliopo duniani wametokana na wazazi 12 tu. Dume anaweza kukaribia kilo 900. Kaa mbali.

Beba pasi na kibali cha ukaazi kila unapotoka kitandani. Tangu 2021 watu wa Syria, Afghanistan, Yemen, Pembe ya Afrika na Kongo wamekuwa wakijaribu kuvuka kutoka Belarus kupitia msitu huu, na baadhi yao wamekufa humo kwa baridi. Mwaka 2022 Poland ilijenga kizuizi cha chuma cha mita 5.5 kwenye karibu kilomita 186 za mpaka, na kinapita katikati ya msitu. Juni 2024 uliwekwa ukanda uliozuiwa kuingia karibu na mpaka. Mipaka yake imekuwa ikibadilika, muulize mwongozaji hali ilivyo. Mtu mweusi atasimamishwa na walinzi wa mpaka. Linauma, na ni afadhali ulijue kabla.

Siku ya pili au ya tatu nenda Kruszyniany, kilomita 55 hivi mashariki ya Białystok, kwa gari la kukodi kwa sababu mabasi ni machache. Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski aliwapa askari wake Watatari ardhi huku badala ya mishahara aliyoshindwa kuwalipa. Wajukuu wao bado wanaswali katika msikiti wa mbao uliopakwa kijani, wenye minara miwili midogo inayofanana na ya kanisa, kwa kuwa mafundi seremala wa huku ndivyo walivyojua kujenga. Ndani wanawake wana chumba chao na mlango wao. Vua viatu, kisha tembea hadi makaburini, penye mawe yenye Kiarabu, Kipoland na Kirusi. Na hapa, tofauti na msituni, mbao lazima zilindwe zisioze: paa lisivuje, rangi isichelewe, maji yasikae kwenye msingi. Mkoa uleule, mbao zilezile, kanuni mbili, na wenyeji hawazichanganyi.

Tykocin usiikose, kwa sinagogi ya 1642 na kwa Wayahudi wa mji huo waliouawa msituni Łopuchowo Agosti 1941. Kilima cha Grabarka, mahali pa hija pa Waorthodoksi penye maelfu ya misalaba, kina sikukuu yake tarehe 19 Agosti. Vinamasi vya Biebrza vinataka safari yake. Na ukipita Białystok, ingia makumbusho ya Sybir: mamia ya maelfu walipelekwa na Wasovieti Siberia na Kazakhstan kutoka mashariki ya Poland mwaka 1940 na 1941, na ni katika hao hao maelfu waliofika kwetu kupitia Iran, wakaishi Tengeru karibu na Arusha, wengine Masindi na Koja kule Uganda. Makaburi yao Tengeru yapo.

Lakini nikirudi kwenye gogo. Ukiwa ndani na mwongozaji, mwombe msimame sehemu yenye unyevu, tafuteni miti ya świerk iliyosimama kwenye mstari mmoja ulionyooka. Utadhani imepandwa. Chuchumaa utazame chini: mizizi yake iko hewani, imepanuka kama miguu ya kigoda, na katikati ni patupu. Mbegu ziliota juu ya gogo, juu ya majimaji na nyasi, mizizi ikashuka pembeni mwa gogo kuishika ardhi kila upande. Gogo likaoza lote. Uwazi ule chini ya mizizi ndio unene wake.